Nesi Aliyeandika Jina Kabla ya Sindano

"Na kama ungekosea, shangazi?"

Hilaria aliuliza swali hilo akiwa na miaka minane, amekalia gunia la mahindi jikoni kwa bibi yake huko Tumati, miguu yake haifiki chini. Shangazi yake, Genoveva Bura, alikuwa amekuja likizo pamoja na Mama Helena, mpishi wa shule anakofanya kazi, na Mama Helena ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusimulia habari ya ndege. Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa pindo za kanga. Hakuna aliyekuwa na swali, isipokuwa yule mtoto juu ya gunia.

Genoveva alimtazama kama nesi anavyomkadiria mtoto uzito kwa macho, ajue ampe nusu kidonge au robo. Kisha akasema, "Nenda kawafunge ndama, mvua inakuja."

Hilaria akaenda. Ndama wakafungwa, mvua ikaja ikaisha, na swali likakaa bila jibu miaka minane mingine. Katika miaka hiyo aliokota kisa kile kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika, punje hapa, punje pale: nyingine kwa Mama Helena, nyingine kwa mwalimu mkuu aliyestaafu, nyingine kwa Tomaso ambaye siku hizi ni fundi wa matrekta na bado anaona aibu kidogo. Ukizikusanya punje zote, chungu kinajaa hivi.

Genoveva ni mtoto wa nne wa Mzee Bura wa Tumati. Kule kwao shamba ni kipande cha mlima: mahindi, maharage, ng'ombe watatu wanaolala nyumba moja na watu, na baridi ya mwezi wa saba inayomfanya mtu aongee huku meno yamefungwa. Alipomaliza chuo cha uuguzi aliomba apangiwe Mbulu mjini, awe karibu na mama yake. Barua ilipokuja ilimwambia aende Hanang, kwenye shule ya msingi ya bweni iliyokaa ukingoni mwa mashamba ya ngano ya serikali. Ulikuwa mwezi wa tano, mwaka wa themanini na nne. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, sanduku moja, na cheti kilichofungwa ndani ya nailoni mbili.

Alishuka kutoka milimani akiwa juu ya roli la magunia matupu. Alikuwa hajawahi kuona shamba ambalo macho huchoka kabla halijaisha. Ngano ilianzia barabarani ikaenda, ikaenda, mpaka ikagusa miguu ya mlima Hanang, na katikati yake trekta lilionekana dogo kama dudu. Roli liliposimama akamwuliza dereva shamba lile linaishia wapi.

"Linaishia pale dizeli inapoisha," dereva akasema.

Shule ilikuwa na wanafunzi mia mbili. Wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wa shamba na watoto wa wakulima wa juu kwenye baridi, na wengine walikuwa watoto wa wafugaji wa uwandani, ambao baba zao waliwaleta shuleni shingo upande. Chumba cha wagonjwa kilikuwa na vitanda vitatu, kabati, kipimajoto kimoja, jiko la mafuta la kuchemshia sindano, na daftari kubwa la wagonjwa lenye jalada jeusi. Genoveva alilifuta vumbi daftari lile kabla ya kufuta kitanda.

Wiki ya kwanza tu, akakosea.

Tomaso, kijana wa darasa la sita kutoka Endagikot, alikuja amejikunja kama jongoo. Genoveva akambonyeza tumbo upande wa kulia, kijana akapiga kelele, naye akakimbia kwa Mwalimu Nikolausi, mwalimu mkuu, mtu wa Songea asiyependa haraka. "Kidole tumbo," akamwambia. "Apasuliwe leo." Landrova ya shamba ikaombwa, ikaja, ikaondoka na mgonjwa kwa mwendo wa kuwahi. Kwenye makorongo ya barabara ya Katesh gari likaruka mara mbili, Tomaso akaomba ashuke, akaingia kwenye nyasi ndefu, akakaa huko kwa muda ambao dereva hakuupenda, akarudi mzima kabisa. Alikuwa amekula mahindi mabichi ya kuiba, pamoja na mabua yake.

"Barabara ya Katesh imefanya upasuaji," Mzee Yoakimu akasema habari zilipomfikia, na kabla ya jua kuzama maneno hayo yalikuwa yameshazunguka kambi yote ya wafanyakazi. Siku ya pili wanafunzi wakamwita Genoveva jina jipya. Nesi Kidole Tumbo.

Huyu Mzee Yoakimu ni lazima aelezwe. Alikuwa mganga msaidizi wa zahanati ya shamba, naye alianza kazi enzi za mkoloni, akiwa kijana wa kubeba sanduku la daktari mzungu. Nusu ya watoto wa uwanda ule aliwapokea kwa mikono yake. Watu walimwita daktari, na hakuna aliyeona kosa. Sanduku la dawa alilokuwa akitembea nalo lilikuwa la bati, lina kufuli, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake kwenye kamba ya kiatu, pamoja na msalaba. Nesi wa shule alikuwa chini yake.

Tangu siku ya mahindi mabichi, Genoveva akaacha kuamua. Mtoto akijikata na panga, aliandika karatasi ipelekwe zahanati: "Je, nifunge?" Jibu lilirudi kwa herufi kubwa zilizopanda kama zinakwea mlima: "FUNGA." Mtoto akiwa na mafua, karatasi. Akiwa na funza, karatasi. Mama Helena alimwambia siku moja, akimpa kikombe cha uji, "Mwanangu, cheti chako kule chuoni walikupa au uliokota?" Genoveva akacheka, lakini jioni alikitoa cheti kwenye nailoni akakiangalia.

Mwezi wa sita ngano ikaanza kujaa maziwa, na kweleakwelea wakaja.

Ambaye hajawaona hawezi kuamini. Ndege mmoja hajazi hata kiganja, lakini wakiruka pamoja ni kama moshi wa nyumba inayoungua, moshi unaopinda kushoto na kulia kwa amri ya nani sijui. Mchana walikula ngano, jioni walikwenda kulala kwenye matete ya ziwa dogo lililo karibu na shule. Jumamosi jua likizama, ndege ya chuma ikaja kuwamwagia dawa. Shule nzima ilitoka nje kuitazama. Ilipita chini sana, ikainuka, ikageuka, ikapita tena juu ya matete, ikiacha ukungu nyuma yake. Wafanyakazi wa kambini walikuwa wametangaziwa wasiende ziwani. Shuleni halikufika tangazo lolote.

Jumapili asubuhi, baada ya sala, wanafunzi kadhaa waliruhusiwa kwenda kutafuta kuni. Walikuta ndege wamelala chini ya matete, wamejaa, wengine bado wanapapatisha mabawa. Tomaso ndiye aliyewafafanulia wenzake. "Wameshiba ngano mpaka wamekufa," akasema. "Hata ng'ombe hufa kwa shibe." Kila mtu aliyetoka nyumba yenye ng'ombe alijua kwamba hilo ni kweli, tumbo la ng'ombe likijaa majani mabichi huweza kupasuka. Kwa hiyo wakawasha moto, wakawanyonyoa ndege, wakawachoma. Nyama ya bure, na siku ya Jumapili.

Saa saba mchana Tomaso akaletwa amebebwa.

"Huyu tena?" Mwalimu Nikolausi akasema. "Tomaso, leo umekula shamba la nani?"

Jasho lilimtiririka kama aliyetoka kuoga. Machozi yalitoka bila kulia, mate yalimwagika yenyewe, na nyama za mapaja zilikuwa zikirukaruka chini ya ngozi kana kwamba kuna panzi ndani. Kabla Genoveva hajamlaza vizuri wakaja wawili wengine. Halafu watatu. Saa saba na nusu walikuwa kumi na mmoja, wanatapika, vitanda vimejaa na mikeka imejaa.

Mwalimu Nikolausi akawaza kwanza maharage ya jikoni. Mama Helena akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Maharage yangu wamekula mia mbili, mwalimu. Wameugua kumi na mmoja. Hao wengine matumbo yao ni ya bati?"

Genoveva aliwapima joto mmoja mmoja. Hakuna homa. Akamulika macho yao kwa tochi, kisha akarudi akamulika tena. Mboni za macho, lile duara jeusi la katikati ambalo kwenye chumba chenye giza hupanuka, zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Aliwahi kuona macho ya namna ile mara moja tu. Mwaka wa pili wa chuo, katika hospitali moja ya upande wa Ziwa, mkulima wa pamba aliletwa akiwa amelowa dawa aliyokuwa akipulizia shambani. Lakini pale shuleni hapakuwa na pamba, wala mtoto aliyekuwa amebeba bomba la dawa. Akanyamaza. Alishawahi kupiga kelele kwa ajili ya Tomaso huyuhuyu.

Mzee Yoakimu akaja na Landrova saa nane. Alipita kitanda kwa kitanda, akagusa vipaji vya nyuso vilivyolowa, akasema, "Malaria. Mwezi huu wa maji ya ziwa, mbu wamejaa. Nesi, klorokwini ya sindano kwa wote." Akatoa vichupa kwenye sanduku lake, akalifunga, akaenda barazani kwa mwalimu mkuu kunywa chai, kwani alikuwa ametoka bila kula.

Kwa hiyo Genoveva akabaki na sindano zinazochemka, vichupa kumi na kimoja, na watoto kumi na mmoja.

Alikuwa ameshavuta dawa ya kwanza wakati Gidahosh alipopiga hodi. Gidahosh alikuwa mfugaji wa uwandani, mrefu, shuka begani, na kila Jumapili alileta kibuyu cha maziwa kwa watoto wake wawili.

"Nesi, nimesikia watoto wanaugua. Wangu wako wapi?"

"Shikamoo baba. Wako uwanjani, wazima. Wanacheza."

"Marahaba. Vizuri." Akachungulia ndani, akamwona Tomaso anavyotokwa na mate. "Huyu anakufa kama mbwa wangu."

"Mbwa gani, baba?"

"Mbwa wawili. Asubuhi wamekula ndege kule kwa matete. Wametoa mate, wametetemeka, wamelala. Basi."

Genoveva akaishusha sindano. "Na watoto wako, baba, wangewaona hao ndege chini, wangewala?"

Gidahosh akamwangalia kama aliyeulizwa kama watoto wake hula mawe. "Kwetu ndege siyo chakula. Ndege ni wa kuangalia tu."

Genoveva akageuka akatazama vitanda na mikeka. Kumi na mmoja, na hapakuwa na mtoto hata mmoja wa mfugaji. Mbu hachagui kabila. Akainama kwenye sikio la Tomaso.

"Mmekula ndege?"

"Walikuwa wameshiba, nesi," Tomaso akanong'ona, povu mdomoni. "Walikufa kwa shibe."

Mama Helena husema kwamba hapo alimwona Genoveva akibadilika, lakini ukimbana aeleze alibadilikaje, anasema tu, "Alifunga kitambaa chake upya." Alifunga kitambaa, akamwomba Gidahosh apite maboma yote ya karibu awaambie watu wasiguse ndege wala wasinyweshe ng'ombe pale ziwani, akamwambia Mama Helena awavue watoto nguo na kuwaosha kwa sabuni. Halafu akavuka uwanja.

Mzee Yoakimu alikuwa na kikombe mkononi.

"Shikamoo baba," Genoveva akasema.

"Marahaba. Umeshawachoma?"

"Bado, baba. Sindano hiyo sitaichoma."

Mwalimu Nikolausi akaweka kikombe chake chini polepole. Hapo ndipo Hilaria, kila anaposimuliwa, husogea karibu na msimulizi. Msichana wa wiki tatu kazini, na mzee aliyempokea hata dereva wa Landrova siku anazaliwa.

"Unasemaje, binti?"

"Siyo malaria. Ni dawa ya ndege. Wamekula kweleakwelea wa jana. Wanahitaji atropini ya kuvunja sumu hiyo, na iko kwenye sanduku lako, ile iliyowekwa kwa ajili ya wapulizaji dawa wa shamba."

"Nesi," Mwalimu Nikolausi akasema, "ni Tomaso huyuhuyu wa barabara ya Katesh."

"Ni yeye, mwalimu. Siku ile nilikosea. Leo njooni muone macho yake."

Mzee Yoakimu hakuinuka. "Nilianza kuchoma sindano kabla baba yako hajamwoa mama yako. Umeona wagonjwa wangapi wa dawa hiyo?"

"Mmoja."

"Mmoja."

"Tulimtibu malaria mpaka saa ya nne, baba. Kisha nikamfunika shuka mimi mwenyewe."

Mzee akaweka kikombe chini. Halafu akachukua sanduku lake.

Ndani ya chumba cha wagonjwa alipiga goti kando ya Tomaso, akamulika tochi. Akasogeza uso karibu, akaurudisha nyuma, akanyoosha mkono mbali kama msomaji wa barua. "Naona macho," akasema. "Macho ya mtoto anayeumwa."

Na Genoveva akaelewa. Zile herufi kubwa zilizokwea mlima. Miwani iliyokuwa mfukoni mwa koti la mzee, yenye kioo kimoja tangu Pasaka. Mzee alikuwa haoni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, na neno moja tu lingetosha: mganga wenu haoni. Lingemaliza ubishi palepale. Na lingemmaliza mzee.

Akapiga goti karibu naye, akasema kwa Kiiraqw, lugha ambayo mtu wa Songea hakuijua, sauti ya chini. "Baba, niazime tochi. Nikuazime macho."

Mzee akampa tochi.

"Mboni ya huyu ni ncha ya sindano," Genoveva akamsomea. "Ya huyu wa pembeni vilevile. Ya Mama Helena, hapohapo kwenye giza hili, ni punje nzima ya mtama. Sasa mshike mkono, baba. Mkono hauhitaji taa."

Mzee Yoakimu akashika kifundo cha mkono wa Tomaso. Midomo yake ilihesabu. Malaria hukimbiza mapigo kama mbuzi aliyeona fisi, naye alilijua hilo kwa miaka thelathini. Haya yalitembea kama punda anayepanda Tumati na mzigo. Akahesabu mara ya pili. Akashika mkono wa mtoto mwingine, akahesabu tena. Kisha akavua kamba shingoni.

"Mtoto akifa," akasema, sasa kwa Kiswahili ili mwalimu asikie, "mkaguzi ataniuliza nani aliamua."

"Utasema ni mimi."

"Maneno ni upepo, binti."

Genoveva akalivuta daftari jeusi, akaandika kabla hajagusa ufunguo. Kisha akafungua sanduku. Kasha la atropini lilikuwa halijawahi kufunguliwa, karatasi yake bado imebandikwa.

Alianza na Tomaso. Dozi ndogo, kisha kungoja dakika kumi, kuangalia mate na kusikiliza mapigo. Hakuna kilichobadilika. Dozi ya pili, akiwa ameshawapitia wote kumi na mmoja na kurudi mwanzo. Mwalimu Nikolausi aliuliza, "Vipi?" na Genoveva akamjibu, "Mwalimu, maji ya kuoshea yameisha," na mwalimu mkuu akachukua ndoo, akaenda kisimani, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulishuhudia kabla ya siku ile wala baada yake. Mzee Yoakimu alikaa kwenye kigoda katikati ya mikeka, akihesabu mapigo kwa vidole na kuyataja kwa sauti, Genoveva akiandika. Hamsini. Hamsini na mbili. Huyu hapa hamsini. Mama Helena aliacha hata kuomba, anasema, alikuwa anasikiliza namba tu.

Dozi ya tatu.

"Sitini na nane," mzee akasema. Akahesabu tena. "Sabini na nne. Binti, huyu amepanda mlima, sasa anashuka."

Genoveva akamulika macho ya Tomaso. Ile ncha ya sindano ilikuwa imefunguka. Hilaria amewahi kujaribu jambo hili kwenye kioo, amefunika tochi na kuifunua, akaona duara jeusi linavyopanuka na kusinyaa lenyewe bila ruhusa ya mtu, akashangaa kwamba uhai wote wa mtu unaweza kusomeka kwenye tundu dogo namna hiyo.

"Nesi," Tomaso akasema, sauti imekwaruza, "mdomo umekauka. Naomba maji."

Mama Helena akaketi chini kwenye sakafu iliyolowa na kulia. Mtu akiwa na sumu ile ndani, mdomo haukauki. Genoveva alimpa maji kijiko kimoja kimoja, akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Jua lilipogusa ukingo wa ngano, wote kumi na mmoja walikuwa na mapigo ya kawaida, macho yamefunguka, nyuso nyekundu kama walioota moto, na mmoja alikuwa ameanza kulalamika kwamba blanketi linawasha.

Gidahosh alirudi jioni ileile, vumbi mpaka magotini. Alikuwa amezunguka maboma tisa. Katika boma la tatu alikuta mama mmoja mkimbizi wa njaa kutoka mbali akiwanyonyoa ndege, chungu kiko motoni, akakipiga teke. "Nimevunja chungu cha watu," akamwambia Genoveva. "Nimesema nesi ndiye amenituma."

"Ndiyo, baba. Mimi ndiye niliyekutuma."

Jumatatu asubuhi wanafunzi walipanga mstari kama kawaida, uji unasubiri. Watoto kumi na mmoja walikaa kwenye benchi mbele, wamejifunika mablanketi, wakuu kama maaskofu. Landrova ikaja. Mzee Yoakimu akashuka, amevaa koti lake la sherehe, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya Genoveva, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

Kimya kilichofuata, Mwalimu Nikolausi alisema, hajawahi kukipata darasani kwa miaka ishirini. Kule kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua nani humwamkia nani. Mzee akimwamkia msichana, ni kama mto kupanda mlima. Genoveva akashika mdomo.

"Baba, siwezi kuitikia hiyo."

"Itikia."

"Baba, ni mwiko."

"Jana uliniazima macho, mbele ya watu ukanihifadhi. Leo sina kingine cha kulipa." Akaangalia mstari wa wanafunzi mia mbili. "Itikia, mwanangu, uji wa watoto unapoa."

Genoveva akainamisha kichwa. "Marahaba," akasema, chini sana, na shule nzima ikalipuka kwa makofi na vigelegele, watoto wa milimani na wa uwandani pamoja, kelele hizo zikawafikia wafanyakazi waliokuwa juu ya matrekta, wakazima injini kuuliza kuna nini. Tomaso alijaribu kusimama apige makofi, akaangukia mablanketi, wakazidi kucheka.

Jina la Kidole Tumbo lilikufa siku hiyo, bila hata matanga. Mzee Yoakimu alipata miwani mipya kabla ya mavuno, na karatasi zikaanza kwenda upande mwingine. Landrova ilileta karatasi kutoka zahanati, herufi sasa zimenyooka: "Nesi, njoo umwone huyu. Wewe unaonaje?" Naye alikwenda, akaona, akasema alichoona, na mara chache alikosea, na aliposema "nimekosea" hakuna aliyecheka.

Likizo iliyopita Hilaria, sasa kidato cha tatu Mbulu mjini, alipanda basi akaenda kumtembelea shangazi yake. Ngano imepungua siku hizi na matrekta mengi yamesimama kwenye majani yakimsubiri Tomaso, lakini chumba cha wagonjwa kipo, na vitanda vimefika sita. Hilaria akaomba kuliona lile daftari. Lilikuwa chini kabisa ya kabati, jalada limeliwa na mende pembeni. Akalifungua ukurasa wa mwezi wa sita, mwaka wa themanini na nne.

"Saa tisa na dakika kumi. Wanafunzi kumi na mmoja. Sumu ya ndege. Atropini. Nimeamua mimi, Genoveva Bura."

Maandishi yote yalikuwa ya kawaida mpaka kufika kwenye jina. Hapo kalamu ilikuwa imekandamizwa sana. Hilaria akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne, akipitisha kidole, na jina likawa bado linashikika chini ya maandishi ya wagonjwa wengine.

Akalishusha daftari magotini. "Shangazi, na kama ungekosea?"

Genoveva alikuwa anatoa sindano kwenye maji ya moto, moja moja, akizipanga juu ya kitambaa. Hakuwa na ndama wa kumtuma mtu akafunge. Akapanga mpaka ya mwisho.

"Nilijijua, Hilaria," akasema. "Nilijua nikikosea nitatafuta pa kukimbilia. Ndiyo maana niliandika jina kwanza, wakati mkono bado unanitii."